Kura Tuliyoipika

Mimi ni mtu wa Kigoma, Kiswahili nimekinyonya. Nasema mapema ili ujue aibu yangu ilitoka wapi. Miaka ile ya mwanzo wa tisini niliishi Kigali, Muhima ya chini kuelekea Nyabugogo, na nilikuwa msahihishaji wa mtaa mzima bila kuombwa na mtu. Ukisema "chakura" nakuambia ni chakula, ukisema "balabala" nakuambia ni barabara. Niliyemchosha zaidi ni jirani yangu, mjane muuza mkaa, ambaye r na l kwake zilikuwa kitu kimoja. "Lakini si umeerewa?" alikuwa ananiuliza, na kweli nilikuwa nimeelewa, ndiyo maana nilizidi kukasirika.

Kisha masika yakaja vibaya. Mtaro wa juu ulipasuka, matope yakashuka na nyumba zetu za udongo, yangu na yake na za wengine wengi. Pale kwetu hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Ila kulipokucha nilikuwa na binti yangu wa miaka minne, sahani mbili za bati na gauni nililovaa. Tukahamishiwa kwenye darasa la shule ya msingi.

Mabati ya msaada yalipoletwa, yaligawiwa wakuu wa kaya. Sisi tuliopanga mstari bila mume tuliambiwa tukamlete mume. Jirani yangu akawajibu kwamba wake yuko makaburini, akimleta watakaokimbia ni wao. Tulicheka mpaka tukaondolewa kwenye mstari, na mabati tukayakosa. Hivyo ndivyo darasa lilivyobaki la wanawake watupu: wajane, waliozalia nyumbani, na walioachwa kama mimi, ambaye mume wangu aliondoka na lori la mizigo na hata salamu hakutuma. Hali ilikuwa ngumu, sitapamba. Uji tulikunywa kwa zamu kwa sababu vikombe havikutosha, na aliyekuwa na sabuni aliificha. Lakini nakuapia, sijawahi kuishi mahali penye vicheko kama lile darasa.

Aliyenikata kicheko ni wifi yangu, dada wa yule mume. Alikuja kutoka Ndera, akamkuta mtoto amelala juu ya dawati.

"Wifi," akasema, "mtoto wa kwetu halali shuleni. Jumapili nikitoka misa nitapita. Nikikukuta chini ya paa lako, nitakusalimia niende zangu. Nisipokukuta, namchukua."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Ndera kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na kitanda, na mimi ningemjibu nini? Nilijua kabisa kwamba mtoto akishazoea maziwa na binamu, mama anageuka mgeni wa sikukuu. Nilizunguka wiki ile nzima nikiulizia chumba, na kila mwenye nyumba aliniuliza mume wangu anafanya kazi wapi.

Ijumaa jirani yangu akarudi kutoka Nyakabanda, alikokwenda kuomba mifuko mitupu ya saruji tuitandike. Alimwomba mzee mmoja mfanyabiashara, Mswahili hasa, amelelewa Ujiji.

"Dada, kesho kwa mzee iko kula," akaniambia. "Wenye kubomorewa nyumba wote twende. Kira mutu."

Nikamsahihisha "kubomorewa", nikamsahihisha "kira", nikamsahihisha na "mutu". Ile "kula" nikaiacha ipite. Nilidhani ndilo neno pekee alilolitamka sawasawa siku hiyo.

Basi Jumamosi asubuhi tukapanda Nyakabanda, kila mmoja na sahani yake. Na kwa kuwa huendi kwa mtu mikono mitupu, huyu alibeba kopo la maharage, yule ndizi, mwingine viazi vitamu alivyochimbua kwenye matope ya shamba lake. Mzee hakuwepo. Mkewe alitupokea vizuri, na tulipoomba kuni na chungu akatupa bila kuuliza, akarudi ndani.

Barazani palikuwa na bakuli limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nikafunua. Maharage makavu, kiasi cha kiganja kimoja.

"Hebu njooni mwone," nikawaita wenzangu. "Tajiri wa saruji, mchango wake ndio huu."

Katikati ya maharage yale palikuwa na punje moja ya mahindi. Nikasonya, nikasema hata kuchambua hawajui watu hawa. Nikaishika kwa vidole nimrushie kuku aliyekuwa ananitazama, halafu njaa ikanishauri vingine, kitu ni kitu. Nikairudisha, nikamimina bakuli zima chunguni.

Asubuhi ile ilikuwa tamu. Chungu kikitokota, jirani yangu akacheza na mwiko mkononi, mikono juu kama pembe za ng'ombe, nasi tukampigia makofi. Hata mimi niliyekuwa na Jumapili rohoni nilicheza. Watoto walilala kivulini kwa kuchoka kucheka.

Mzee akaingia akitoka kuswali adhuhuri. Akatusalimia, akaenda moja kwa moja barazani.

"Bakuli la kura liko wapi?"

"Kula iko tayari, mzee," jirani yangu akamjibu kwa heshima, akionyesha chungu.

Mzee akatazama chungu, akatazama sahani zetu, kisha akakaa chini taratibu. Alikuwa na chumba kimoja uani, akatueleza, na ameamua kukitoa mwaka mzima bila kodi kwa mmoja wetu. Alihesabu maharage kulingana na idadi yetu, na badala ya harage la mwisho akaweka punje moja ya mahindi. Yeye angefumba macho agawe mojamoja viganjani mwetu, na atakayepata hindi, chumba chake.

Chumba. Paa. Nami nilikuwa nimeishika kwa vidole hivi hivi.

"Mzee, ungesema tombola," jirani yangu akanung'unika. "Tombola tungeerewa."

Hakuna aliyemsahihisha. Ndipo tukasikia mke wa mzee, aliyesimama mlangoni, akicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Alikuwa akidhani tunapika ili tusiboreke tukimngoja mumewe. Mzee alijikaza kidogo, halafu naye akashindwa.

"Basi kura ndiyo hiyo imeiva," akasema. "Pakueni. Sahani itakayopata hindi, mwenye sahani ndiye mwenye chumba."

Mke wa mzee akapakua mwenyewe, macho kayaelekeza mbinguni. Sijawahi kuona watu wenye njaa wakila polepole namna ile. Harage moja, unalitazama, unaweka mdomoni. Binti yangu alinyoosha mkono nikamfukuza, nikamwambia asiguse sahani yangu hata kidogo. Nilipekua mpaka nikafika kwenye maua yaliyochorwa chini ya sahani. Hapakuwa na hindi. Akilini nikamwona wifi kaja na kapu, nikaona nguo za mtoto ndani yake. Nililia pale pale mbele za watu.

Cha ajabu, hakuna aliyekuwa nalo. Tukakwangua chungu, tukachungulia sahani za wenzetu, hola. Hapo nikamwona binti yangu. Kumbe nilipomfukuza alikwenda kukaa mapajani kwa jirani yangu, na jirani alikuwa akimlisha kutoka sahani yake. Wengine wote walikwisha kumeza, yeye bado anatafuna.

"Unatafuna nini wewe?"

Akatoa ulimi. Juu yake palikuwa na nusu ya hindi.

Sahani ilikuwa ya jirani yangu, kwa hiyo chumba kilikuwa chake, na alikihitaji kama mimi. Angesema hivyo, nani angembishia? Alimtazama mtoto, akamfuta mdomo kwa upindo wa kitenge chake, akamgeukia mzee.

"Sahani iko yangu," akasema. "Mudomo iko yake. Chumba iko yetu."

"Ni kidogo, mtabanana," mzee akasema.

"Tumezoea."

Kisha akanielekezea kidole. "Na wewe, reo usinisahihishe."

Nilimkumbatia hata sahani yake ikamwagika. Wenzetu walitupigia vigelegele, na jioni walitusaidia kuhama, ingawa mzigo wetu wote uliingia kwenye mfuko mmoja wa saruji.

Jumapili wifi aliulizia darasani, akaelekezwa, akaambiwa tu kwamba chumba kilipatikana kwa kura. Akafika na nguo yake ya misa na kapu tupu mkononi. Alitazama mlango, akatazama mabati juu, akamtazama jirani yangu anayewasha mkaa.

"Paa hili la nani?"

Nikafungua kinywa nianze maelezo marefu. Binti yangu, amekaa kizingitini na kikombe chake cha uji, akanitangulia.

"Langu, shangazi. Nilikula."

Wifi akatua kapu chini, akanigeukia, akaniuliza mtoto amekusudia kusema nini, kura au kula.

Nikamwambia amesema sawasawa.