Mwalimu Aliyesubiri Mashine za Korosho Zinyamaze

Saa mbili asubuhi, kijijini Mkunya, juu ya uwanda wa Newala, mashine za kupulizia dawa ya salfa zimeshaanza kunguruma mikoroshoni. Mwalimu Silvesta anaziba dirisha kwa godoro, anajifunika blanketi yeye na simu yake, kisha anaanza kurekodi sauti ya video yake: "Kidato cha pili, leo tunaingia enzi za biashara ya watumwa." Anapotoka humo ametota jasho kama aliyetumbukia kisimani, na huku juu visima vyenyewe ni vya kuhadithiwa.

"Nikirekodi nje, wanafunzi wanaisikia mashine, hawanisikii mimi," anasema.

Video zake za historia hutazamwa na vijana zaidi ya elfu tatu, Newala hadi Masasi. Bando ananunua kwa mshahara wake. Video hazijamlipa hata shilingi. Jogoo wa jirani, anayedakia kila kipindi, anajulikana Chiungutwa nzima, kule Masasi, na wapo wanaoapa kwamba ana mashabiki kumzidi mwalimu.

Lakini video aliyoitaka kuliko zote haipo.

Ingekuwa ya Bi Ziada, jirani yake. Bibi huyo alisimuliwa na bibi yake jinsi watu walivyopanda huku juu kuwakimbia waliokuja kukamata watumwa, wakakubali kukaa mbali na maji ili walale salama. Alijua hata wimbo wa wanawake waliopandisha mitungi kutoka bondeni. Hakubaki mwingine anayeujua.

Mwaka jana, mwezi wa saba, alimwita mwalimu mwenyewe. Alikuwa ameshavaa kitenge kipya, amekaa barazani, tayari kurekodiwa. Mwalimu akamwamkia, akasikiliza mashine zinavyolia pande zote, akamwomba wasubiri upuliziaji uishe, sauti itoke safi.

"Haya, Baba Huruma," bibi akamjibu. "Mashine zitanyamaza. Na mimi je?"

Wakacheka wote wawili. Bi Ziada alizikwa kabla korosho hazijaanza kudondoka.

"Nilikuwa natafuta ukimya," anasema mwalimu, akikunja blanketi. "Nimeupata."

Alasiri anapanda bodaboda hadi kijiji cha Makote, kwa Mzee Bwanali. Wimbo ule haujui, ila anakumbuka njia ya kuteremkia maji bondeni ilikopita, na mwalimu anataka kumwonyesha kila kijana njia hiyo kabla haijamezwa na mashamba.

Mzee anajiweka sawa kitini, anakohoa, kisha anaonyesha kwa kidole nyuma ya nyumba, mashine inakonguruma. Anauliza kama wamsubiri jamaa amalize mikorosho yake.

Mwalimu ameshabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Hapana, babu. Wewe sema tu."