"Alama ya Kuuliza Si Jina la Mtu"

Saa mbili asubuhi, birika linachemka juu ya jiko la mafuta ya taa, na Tavga Kerim ameshakasirika. Nje, mvua ya Februari inapiga paa za Slemani, mji wa Wakurdi kaskazini mwa Iraki. Ndani, kwenye skrini iliyo mbele yake, kuna tangazo la kifo la mzee mmoja wa mtaa wa Sabunkaran. Jina la mzee lina matundu. Jina la msikiti alikoswaliwa lina matundu. Kila tundu limezibwa kwa alama ya kuuliza.

"Tazama," anasema bila kugeuka. "Wamemzika mara ya pili."

Anachukua simu na kupiga nambari iliyo chini ya tangazo. Sauti yake inalainika ghafla. Anaomba radhi kwa usumbufu, anajitambulisha, kisha anauliza jina kamili la marehemu, herufi moja moja. Mwanamume upande wa pili anacheka. Anasema baba yake alikuwa mbishi, hakuna siku aliyokubali jambo bila kuhoji, kwa hiyo alama za kuuliza zinamfaa kabisa. Lakini anapolitaja jina la baba yake, hacheki tena.

Tavga analiandika, anamsomea, anamshukuru, anakata simu.

"Ndiyo kazi yangu siku hizi," anasema. "Nawapigia watu waliofiwa kuwauliza wafu wao walikuwa wanaitwa nani."

Tavga ana umri wa miaka thelathini na minane. Anafanya kazi kwenye tovuti ya gazeti la kila siku ambalo, kwa ombi lake, halitatajwa hapa. Mshahara wake ni dinari laki saba na nusu, kwa mwezi ambao mshahara umetoka. Cheo chake kwenye karatasi ni mpiga chapa, ingawa amepiga chapa kidogo sana maishani. Kazi yake ni kutibu herufi.

Waandishi wa gazeti hilo huandika habari zao popote walipo: kwenye simu, kwenye kompyuta kuukuu za nyumbani, kwenye vibanda vya chai. Kisha huzibandika kwenye kihariri, yaani ule ukurasa wa kuandikia ulio ndani ya tovuti. Hapo ndipo balaa huanza. Ndani ya kompyuta kila herufi ni nambari, na mashine mbili zisipokubaliana nambari ipi ni herufi ipi, sentensi nzuri hutoka ikiwa vurugu la alama ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzisoma.

Vurugu halimtishi Tavga. Ukijua mashine ilikosea wapi, anasema, unairudisha nyuma hatua kwa hatua, na maandishi yanaamka mazima mazima.

"Vurugu ni mgonjwa," anaeleza. "Alama ya kuuliza ni maiti. Maana yake mashine iliikuta herufi haiijui, ikaitupa, ikaweka ile alama mahali pake. Haikuificha. Imeitupa."

Msimu wa vuli uliopita gazeti lilinunua kihariri kipya kutoka kampuni ya jiji jingine. Kilikuwa chepesi na cha kupendeza macho. Kasoro yake ni kwamba kilikijua Kiarabu tu. Wakurdi wa Slemani huandika kwa herufi za Kiarabu, lakini wana herufi kadhaa za kwao ambazo Mwarabu hana: r nzito, l nzito, v, na irabu kadhaa. Hizo ndizo kihariri kilizozila.

Na kilikuwa na tabia ya pili. Ukifungua habari ya zamani ndani yake, hata kwa kuitazama tu, kilijihifadhi chenyewe. Herufi zilizoliwa zikawa zimeliwa moja kwa moja.

Siku ya kwanza kiliharibu jina la mhariri mkuu, Kaka Sherzad, juu ya safu yake. Likatoka "Sh?rzad". Kampuni ilipigiwa simu asubuhi, na hadi adhuhuri jina lilikuwa limetengenezwa kwa mkono. Kihariri chenyewe kilikaa hivyo hivyo miezi mitatu.

"Jina la aliye hai lilipona kabla ya chakula cha mchana," anasema Tavga. "Wafu wakaambiwa wasubiri."

Wafu ndio walioumia zaidi, na hili ndilo linalomfanya apige meza anapolisimulia. Habari za siasa za miaka iliyopita hakuna anayezifungua. Tanzia hufunguliwa. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, familia huomba tangazo lirudishwe ukurasa wa mbele. Ndugu walio Ujerumani na Uswidi hupiga simu kuomba picha ibadilishwe. Kwa hiyo marehemu ambaye hana wa kumkumbuka jina lake limebaki salama kabisa, na aliyependwa sana ametobolewa.

Hakuna aliyetobolewa kama Hemin.

Hemin Resul alikuwa akiketi meza ya dirishani, ile ambayo sasa ina sanduku la karatasi na ua lililokauka. Alikuwa mrefu kiasi cha kuinama kila mlango wa jengo lile, na kila mara alisahau mlango mmoja. Ndiye aliyemfundisha Tavga kazi. Tanzia zote alizichapa yeye, na hakukubali hata moja itoke na kosa. Mwandishi akimwambia ni tangazo la kifo tu, alimjibu kwamba hiyo ndiyo habari pekee gazetini ambayo mwenyewe hawezi kuja kuisahihisha.

Majira ya baridi miaka mitatu iliyopita, gari lake lilipinduka kwenye barabara ya Dukan, akirudi nyumbani.

Tanzia yake aliiandika Tavga. Mama yake Hemin, Mama Piroz, hajui kusoma. Aliletwa ofisini na wajukuu, akakaa kwenye kiti cha mwanawe, akasema anayotaka yaandikwe. Tavga aliyachapa papo hapo ndani ya tovuti. Hakukuwa na karatasi. Kitambaa cheusi kilichotundikwa msikitini kiliandikwa jina na saa tu, na waliopiga picha ya tangazo kwa simu walipiga uso wa marehemu tu, si maneno.

Januari iliyopita, siku ya kumbukumbu yake, wenzake walifungua tanzia hiyo mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwenye kompyuta yake, kimya kimya. Wa kwanza kuifungua hajulikani. Tavga hataki kumjua, maana anaweza kuwa yeye.

Jioni ile mjukuu wa Mama Piroz alimsomea bibi yake kutoka kwenye simu, kama afanyavyo kila mwaka. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho alisita. Akasema, "Bibi, hapa pameandikwa alama ya kuuliza."

Kesho yake Mama Piroz alikuja ofisini. Alipanda ngazi peke yake, viatu vimejaa matope. Dilshad, mwandishi wa michezo, alimletea kiti na chai. Chai hakuigusa.

"Mmemfanya nini mwanangu?" aliuliza.

Dilshad alijaribu kumpoza. Alimwambia ni hitilafu ndogo ya mtambo, hata majina yao wenyewe yameharibika, yeye mwenyewe sasa ni nusu Dilshad.

"Wewe una mdomo, utajitaja," Mama Piroz alimjibu. "Yeye hana. Alama ya kuuliza si jina la mtu."

Jina lilirudishwa siku hiyo hiyo. Hemin ni Hemin, kila mtu pale analijua. Maneno mengi ya tangazo nayo yalirudi, kwa sababu neno lenye tundu moja mara nyingi linajieleza. Likabaki neno moja, kwenye ile sentensi ya mwisho, ambayo ni ya mama mwenyewe:

"Ku?im, nyumba hii imekuwa ndogo kwako."

Ukiweka r nzito pale penye tundu, unapata kurim, yaani mwanangu. Ukiweka l nzito, unapata kulim, yaani uchungu wangu. Herufi zote mbili ni za Kikurdi tupu. Zote mbili zililiwa. Na sentensi inasimama vizuri kwa neno lolote kati ya hayo mawili. Mjukuu, aliyeisoma miaka iliyotangulia, naye hakumbuki alisoma lipi.

"Nimeliandika mimi kwa vidole hivi," anasema Tavga, na anavinyosha juu ya kibodi kana kwamba vitamwambia. "Sikumbuki. Nilikuwa nalia."

Alimpelekea Kaka Sherzad suala hilo. Aliyekuwepo anasimulia kwamba mhariri alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema hoja ni rahisi: mama anamwandikia mtoto wake, basi weka "mwanangu". Nani atajua?

Tavga alimwambia mama atajua.

Mhariri alisema yule mama hata kusoma hajui.

Hapo ndipo sauti ya Tavga ilipofika hadi ngazini. Anayakiri maneno yake na hayaombei msamaha. "Nilimwambia, Kaka Sherzad, Mungu akupe umri mrefu, lakini siku yako ikifika mimi ndiye nitakayekuandika. Nitaliacha jina lako kama mashine ilivyolitaka. Watu watabahatisha."

Alikatwa mshahara wa siku mbili. Kaka Sherzad, alipoulizwa kwa simu, alisema ofisi yake inaheshimu familia zote zilizofiwa, na kwamba kihariri kimesharekebishwa, jambo ambalo ni kweli. Kuhusu matangazo yaliyokwisha kuharibika, alisema gazeti lina kazi ya kutazama mbele.

Jioni ya Alhamisi, siku ambayo watu wa Slemani huenda makaburini, Tavga alimfuata Mama Piroz kilimani Seywan. Alimkuta anafuta matope kwenye jiwe kwa pindo la nguo. Wakafuta pamoja. Kisha Tavga akamuuliza moja kwa moja: siku ile, pale kitini, alisema mwanangu au alisema uchungu wangu?

Mama Piroz alilikunja pindo lenye matope.

"Sijui, binti yangu," alisema. "Siku ile kulikuwa na tofauti?"

Tavga alimwambia basi achague, lolote atakalosema litaandikwa. Mama Piroz alikataa. Kuchagua leo, alisema, ni kusema upya, na yeye hana nguvu ya kusema upya. Alichosema alikwisha kukisema. Kilikuwa amana, na aliwaachia wao.

"Yeye alikuwa anasema huko kwenu hakipotei kitu," aliongeza, akiligusa jiwe. "Alikuwa ananidanganya?"

Tavga anapofika hapa katika kusimulia, anainuka kumimina chai, na inachukua muda kabla hajarudi.

Iko nakala moja. Mashine ya zamani iliyobeba tovuti kabla ya kihariri kipya bado ipo kwenye ghala la kampuni ile ya jiji jingine, iliyoichukua ilipoleta kihariri kipya. Imezimwa, imefunikwa kwa nailoni, na itafutwa Newroz, mwaka mpya wa Wakurdi, ikifika mwezi Machi ili iuzwe. Ndani yake tanzia zote ni nzima, ya Hemin na za wengine wote. Tavga amepiga simu huko hadi mlinzi wa ghala anaijua sauti yake. Fundi wa kwanza alimwambia, "Dada, hayo ni matangazo ya vifo tu, nani anasoma ya zamani?" Tavga hakumtukana. Anasema lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya mwaka huu. Aliomba kuongea na mtu mwingine.

Mtu mwingine alikuwa msichana wa zamu. Alisikiliza, akauliza jina la marehemu, kisha akasema mashine inaweza kuwashwa Jumapili, kwa muda wa saa moja tu, mkubwa wake akiwa safarini. Leteni diski yenu.

Kwa hiyo Jumapili Tavga haendi kazini. Ameomba gari la shemeji yake. Amenunua diski kwa pesa yake na ameijaribu mara kadhaa nyumbani. Anajua atakachofanya kwanza: hatafungua chochote. Atanakili kila kitu kilivyo, bila kutazama hata jina moja, ndipo atafungua nakala. Hataki kuona sentensi ile kabla haijawa salama.

Akifanikiwa, hatairudisha tanzia ya Hemin peke yake. Atazirudisha zote, aliyependwa na aliyesahauliwa, Kaka Sherzad apende asipende. Mashine ikikataa kuwaka, ataliacha tundu wazi, bila herufi na bila alama. Kubahatisha hatabahatisha.

"Nina hasira," anasema, "na sitaki inipoe kabla ya Jumapili."

Safari ni mwendo wa saa tatu, na barabara inapita Dukan. Alidhani ataenda peke yake. Lakini habari ilimfikia Mama Piroz, naye amekwisha kutuma ujumbe kupitia mjukuu: anapika dolma, mboga za kujazwa wali, ya kula njiani, na atakaa kiti cha mbele. Tavga alimpigia kumsihi abaki, baridi ni kali, barabara ile anaijua mwenyewe, na huko kwenyewe hataona ila sanduku la chuma na waya. Akamwahidi kwamba akilipata neno atampigia papo hapo.

Mama Piroz alimwacha amalize.

"Utanisomea hukohuko," alisema. "Nikilisikia nitalijua."