Mtambo wa Baba na Ulimi wa Mzee Ngimba

Nyie mliokulia Igowole mtanielewa. Juni ya utoto wetu haikuwa na mchezo: ukungu mpaka saa nne, magoti yamepauka, kamasi kwenye mkono wa sweta, na viazi vya moto mfukoni tukienda shule, vya kupasha mikono kwanza, kula baadaye. Watoto wa leo wakiona wingu tu wanadai maji ya moto ya kunawa uso.

Juni moja bibi, mama yake baba, alikohoa mpaka tukaogopa. Mafuta ya mkaratusi ndiyo yaliyomsaidia, lakini kichupa cha dukani kilikuwa kidogo na bei yake kubwa. Baba akaitazama mikaratusi iliyotuzunguka kila upande, akasema, "Haiwezekani tununue kitu kinachotudondokea kichwani." Akaamua kutengeneza mtambo wake mwenyewe wa kukeneka mafuta, yaani kuchemsha majani na kupoza mvuke wake.

Hela hakuna. Debe la mafuta ya kula likawa chungu. Kifuniko alimnyang'anya mama, wakanuniana siku mbili. Bomba la shaba lilikuwa ndoto, basi akafungua usukani wa baiskeli yake mbovu, akaupenyeza kwenye kifuniko, upande wa pili ukapita kwenye beseni la maji, na maji ya Igowole mwezi Juni hayahitaji barafu. Nyufa zote aliziba kwa ugali mgumu. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku wasidonoe mtambo.

Tatizo, baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri kwelikweli, na Jumapili chache nyuma alikuwa amesimama mbele akakemea gongo mpaka sauti ikamkauka. Na mtambo wa gongo, kwa mtu anayepita njiani, uko vivyo hivyo: debe, bomba, beseni, chupa.

Siku ya kwanza tu ya kuwasha, wateja wakafika. Walikaa kwenye gogo kwa adabu, vikombe ndani ya makoti.

"Kamwene, mzee wa kanisa. Tumepita kusalimia tu."

Nyuma yao akaja balozi wa nyumba kumi na mwinjilisti wetu. Baba akaeleza, akaeleza tena, lakini Igowole nzima ilinuka mkaratusi, harufu haikuwa ushahidi. Balozi akasema mambo ni rahisi, gongo hujulikana kwa moto. Akamimina matone ya juu ya chupa kwenye jiwe la jikoni, akawasha kiberiti.

Yakawaka.

Hakuna kati yetu aliyejua kwamba mafuta ya mkaratusi nayo huwaka. Mwinjilisti alivua miwani, akasema polepole kwamba uzee wa kanisa usimame kwanza, mpaka kikao kikae. Mimi nikaanza kulia.

Ndipo Mzee Ngimba aliponyanyuka kwenye gogo. Huyu ndiye mlevi ambaye baba mwenyewe alipendekeza atengwe na meza ya Bwana.

"Mnauliza moto wakati ulimi upo hapa?"

Akachovya kidole, akalamba. Macho yakamtoka, akatema, akakimbilia beseni na kuzamisha mdomo wote. Kule ndani bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Waheshimiwa," alisema akihema, "mimi nimekunywa kila kitu katika tarafa hii. Hii siyo pombe. Hii ni ya kuogeshea ng'ombe!"

Hakuna aliyebisha. Kwa fani hiyo hakuwa na mpinzani. Jumapili iliyofuata baba alisimama mbele kama kawaida, akaomba Mzee Ngimba arudishwe mezani. Bibi alisuguliwa kifua mpaka Agosti, akapona, akidai kilichomponya ni kicheko.

Juzi kifua kilimbana mwanangu hapa mjini, Ilomba. Akaagiza mafuta kwa simu, kichupa kikaletwa na bodaboda. Hakina harufu ya moshi wala ya ugali ulioungua. Nikimpaka, yeye anasoma kwenye kundi la mtaa jinsi mama jirani yetu anavyosemwa ni mwizi, na watu wanaitikia kwa dole gumba. Nikamuuliza ni nani aliyekwenda kumsikiliza huyo mama.

"Kwenda, mama? Si wameshasema humu?"

Nilimkumbuka Mzee Ngimba, roho ikaniuma. Siku hizi kila mtu ana kiberiti, wa kuonja ndiye hatumwoni. Nikafunga kichupa, nikavaa kandambili, nikaenda kugonga kwa jirani.