Vyombo vya Baba Gladness

Teodora, mkaanga sato wa Igogo, ni mwanamke msafi, na usafi wake una kelele. Ukimwazima sufuria atakurudishia inang'aa, na mtaa mzima utaambiwa ilivyofika kwake. Kwa hiyo mumewe Ndalahwa, fundi baiskeli asiye na makuu, alipoleta habari mbaya nyumbani, mama huyu alijua la kufanya kabla mwenzake hajamaliza kusema.

Habari yenyewe ilianzia kwenye wema. Nathaniel, kaka yake Teodora, alikuwa afanyiwe upasuaji, ndugu wakaombwa kuchangia damu. Ndalahwa akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Baada ya wiki akapigiwa simu: damu yake ina virusi vya homa ya ini B. Mwenyewe hakuwa anaumwa hata kidole.

Siku ile ile Teodora akatenga vyombo. Sahani, kijiko na kikombe cha mume, vyote akavitia alama kwa rangi ya kucha ya binti yao Gladness, visije vikachanganyika. Watu waliozoea kumega ugali pamoja wakagawanyika: mama na binti sebuleni, baba uani kwenye kigoda. Ndalahwa hakubisha. Aliogopa kuwaambukiza, akala peke yake, akaanza kukonda, na Teodora akasema mnaona, ugonjwa huo.

Sasa mwoneni msafi wetu. Wembe wa kukatia kucha ulikuwa mmoja kwa nyumba nzima, umechomekwa dirishani, wala hakuufikiria. Na ikifika saa ya kulala, kitanda kilikuwa kile kile. Huko hakuna aliyepaka rangi.

Ilipita miezi mitatu ndipo Teodora alipokubali wito wa hospitali, aende kupima yeye na Gladness, na alikwenda kama mtu anayefuata zawadi yake ya usafi. Nesi aliyewapokea aliitwa Odeta, binti mdogo tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fanya haraka mwanangu, samaki wangu nimemwachia jirani."

Majibu yakatoka. Gladness hakuwa na kitu. Alikuwa amechanjwa tangu utotoni. Teodora alikuwa na virusi.

"Hebu rudia kupima," alisema. "Mimi vyombo nilitenga."

Odeta akarudia. Majibu yakawa yale yale.

"Mama, virusi hivi haviambukizi kwa sahani wala kikombe. Ni kwa damu, kwa wembe mnaotumia pamoja, kwa unyumba, na mama kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Wengine wanaishi navyo tangu wachanga na hawajui."

"Kwa hiyo kaniambukiza yeye?"

"Au wewe ulimwambukiza yeye. Au kila mmoja alikuja na vyake. Hilo hatuwezi kulijua. Mtakuwa mnakuja kila baada ya miezi sita tuangalie ini, na dawa zipo zikihitajika. Pombe achaneni nayo, na miti shamba pia."

Teodora alirudi kwa miguu. Njia nzima alimfikiria mama yake mzazi, aliyekufa tumbo limejaa maji, pengine kwa ini hilo hilo, ukoo mzima ukasema karogwa, na jirani mmoja akahamishwa kijiji kwa ajili hiyo. Moyo ulimuuma kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya yule jirani.

Jioni alisonga ugali, akaupakua wote kwenye sahani moja kubwa, akatoka nao uani. Gladness akafuata na samaki. Ndalahwa akawatazama.

"Majibu?"

"Mtoto mzima. Mimi ninavyo."

Mwanaume mwingine angecheka, na haki angekuwa nayo. Ndalahwa alinawa mikono, akachambua mnofu wa tumboni usio na miiba, akamsogezea mkewe.

"Baba Gladness," Teodora aliuliza, "miezi yote hii ulikuwa unaongea na nani wakati wa kula?"

"Na redio," alisema. "Ila yenyewe ilikuwa hainijibu."