Kasha la Bunduki Sebuleni

Kuna alasiri moja ya mvua, mjukuu wangu, ambayo hunirudia nikikaa hivi, nusu macho nusu usingizi. Ilinirudia tena jana, uliponionyesha kwenye simu picha ya kasha la chuma unalotaka kununua Lubumbashi, ili bunduki ya mzee ipate pa kulala ukishaichukua kwangu. Uliniuliza kama ni zuri. Ni zuri mno, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Bunduki hiyo nilipewa na baba mkwe wangu, mwindaji wa Kapolowe, macho yake yalipoanza kuchoka. Tulienda pamoja kuandikisha kibali kwa jina langu, na njiani aliniomba jambo moja tu: niitafutie mahali pa kufungiwa kabla haijaingia nyumbani. Wakati huo nilikuwa kijana wa kiwandani, shati limepigwa pasi, na nilipenda sana kuonekana.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea hapa mtaani kwetu Kikula. Alinitengenezea kasha la bamba nene kama kidole, bawaba zikiwa kwa ndani ili mtu asizikate. Nikalipaka rangi ya kijani, ile ya maji ya ziwa Tshangalele asubuhi ukungu ukiwa haujaondoka. Rangi ilipokuwa ikikauka nilikuwa naamka usiku, nakaa mbele yake, nalitazama tu. Unacheka? Cheka. Sijawahi kuwa na gari maishani. Lile ndilo lilikuwa gari langu.

Bibi yako alitaka likae chumbani, nyuma ya kabati la nguo. Nikakataa. Kitu kizuri namna ile nikifiche? Nikalisimamisha sebuleni, likitazamana na mlango, nikatandika juu yake kitambaa cha kufuma, nikapanga picha yetu ya harusi na maua ya plastiki. Jumapili baada ya misa, kila aliyeingia aliuliza habari za kasha kabla ya kuuliza habari zetu. Nilikuwa nawakalisha wageni, nawapa maji, kisha natoa funguo chini ya kitambaa mbele ya macho yao wote. Nafungua taratibu, natoa bunduki, nailaza mapajani.

“Muangalie muzuri,” nilikuwa nawaambia. “Haiko na kintu ndani, musiogope.”

Mama yako alikuwa na miaka saba. Alikuwa akikaa mkekani, kimya, akitazama. Sikumjali hata kidogo; nilidhani anapenda rangi.

Sasa hiyo alasiri. Nilitoka zamu mapema. Mvua ilikuwa ile isiyo na haraka, inayoanguka kutwa nzima, mabati ya mtaa mzima yakivuma kwa sauti moja, na maji mekundu yakishuka pembeni mwa njia. Nilitembea kama mtu anayeota. Nakumbuka nilikuwa na furaha, na sikujua inatoka wapi. Bibi yako alikuwa kwa jirani akisukwa nywele. Nilipofika barazani nikasikia sauti ya mtoto ndani ya nyumba.

“Karibuni, bamama. Mushikale pa kiti. Mutakunywa mayi?”

Walikuwa wanacheza mchezo wa wageni. Wasichana wawili wa jirani walikuwa kwenye viti vyetu vikubwa, miguu haifiki chini, vikombe mkononi. Mama yako alikuwa amekalia kiti changu. Nyuma yake kasha lilikuwa wazi, na bunduki ilikuwa imelala mapajani mwake, mtutu umewaelekea wenzake.

“Muangalie muzuri,” akawaambia, akiikaza sauti iwe kama yangu. “Haiko na kintu ndani, musiogope.”

Sikupiga kelele. Sijui nilizuiwa na nani. Mimi nasema ni Mungu. Nilienda polepole, nikapiga magoti mbele yake, nikausukuma mtutu uelekee ukutani, ndipo nikaichukua. Nikaifungua. Risasi ilikuwemo. Jumamosi nilikuwa nimerudi kuwinda kanga nimelowa chapachapa, nikaifungia ndani bila kuikagua. Na Jumapili yake niliilaza mapajani, sebule imejaa watu, nikiwaapia kwamba ni tupu.

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya wale watoto mpaka wakaogopa, na mama yako akaniuliza amekosa nini. Hakuwa amekosa kitu. Alikuwa amefanya kila jambo kama baba yake alivyofanya, hakuruka hata moja.

Baba mkwe alipopata habari alikuja kutoka Kapolowe. Nilijiandaa kutukanwa. Yeye alikaa, akavua kofia, akalitazama kasha na maua yake.

“Mukwe,” akasema, “minye nilikupatia mutoto yangu. Kisha nikakupatia bunduki, juu ya kumuletea nyama. Leo weye mwenyewe uniambie: nirudie kwetu na nani? Na mutoto, ao na bunduki?”

 Nilijua kwamba nikikosea jibu, mke wangu na binti yangu wataondoka naye, na nilijua pia kwamba atakuwa na haki. Bibi yako ndiye aliyeniokoa.

“Papa, bunduki ibakie,” akasema. “Lakini marisasi nitachunga minye mu kisanduku, na funguo yake itabakia kwangu.”

Mzee akacheka kidogo, akavaa kofia yake. Siku ileile tulilihamisha. Tuliliingiza chumbani, penye ukuta wa matofali ya kuchoma, tukalifunga kwa bolti ukutani na kwenye sakafu ya simenti, nyuma ya nguo za bibi yako. Ufunguo wa kasha haukutoka tena mwilini mwangu. Tangu hapo sikuwinda bila kumwomba mke wangu risasi, na alipokuwa amenikasirikia, kanga wa Kapolowe walipumzika.

Kwa hiyo nunua, mwanangu, sikukatazi. Lakini usiangalie rangi. Angalia unene wa bamba, angalia bawaba, kisha rudi nyumbani ukaguse ukuta wako, kwa maana tofali bichi halishiki bolti, na kasha lisiloshikwa mwizi hulibeba zima. Liweke mahali ambapo mgeni hafiki. Risasi zilale peke yazo kwenye kisanduku, na ufunguo wake umpe mke wako. Kabla ya kufunga, fungua bunduki utazame kwa macho yako, hata kama uliitazama sasa hivi. Na usiwahi kuitoa ili usifiwe. Mimi nilisifiwa sana.

Nenda salama. Mungu akuongezee siku, ampe mke wako moyo wa kukuambia hapana, akujalie nyumba ambayo watoto wake wanaweza kuigiza kila unachofanya, na jioni wote wakae mezani.