Trekta Alilolikataa Iddi Makwinja

Shemeji yangu Iddi Makwinja alikuwa mtu mzuri kwa kila jambo isipokuwa kuchagua. Mpe njia moja, atakufikisha hata Newala kwa miguu. Mpe njia mbili, jioni utamkuta bado yuko njia panda, anamuuliza kila mpita njia. Nasema haya kwa mapenzi, maana alimwoa dada yangu Somoe. Hata huko kuoa kwenyewe alizunguka mtaa mzima akitaka ushauri, mpaka Somoe akamtumia salamu kwamba akimaliza kuuliza watu, amuulize na yeye.

Mwaka wa sabini kijiji chetu cha Mkongeni, nje kidogo ya Mikindani, kilipata mashine. Shamba la mkonge lililokuwa juu ya kilima lilikuwa limefungwa, na ghalani mwake ilibaki mashine ya kufunga marobota. Haikuwa na injini yake. Ilikuwa ya kuvutwa na trekta kwa magurudumu yake mawili, na ikishafika mahali pa kazi, trekta lilelile linaungwa nayo kwa shafti ya nyuma na kuizungusha. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na ngumi ya chuma iliyokwenda mbele na nyuma, ikigonga na kubana chochote kilichotiwa humo mpaka kikawa robota.

Cha kutia kilikuwepo. Kwa miaka mingi lile shamba lilikuwa likimwaga masazo ya katani, zile nyuzi fupi zinazodondoka majani ya mkonge yanapochunwa. Somoe aliwaongoza kina mama wa kijiji wakayakusanya, wakayafua kijitoni chini ya kilima, wakayaanika. Kiangazi chote walifanya kazi hiyo. Maji ya mkonge yanawasha, na mikono ya dada yangu ilipasuka mpaka akawa hashiki chumvi. Kufikia Oktoba walikuwa na lundo kavu, jeupe, linalopita nyumba kwa urefu. Mnunuzi wa bandarini aliyatamani ya kujazia magodoro, lakini alisema wazi kuwa hapakii nyuzi zilizo wazi. Alitaka marobota.

Bwana kilimo naye alisema lake. Mashine ni yenu, alisema, mkiifanyia kazi kabla ya mvua. Ikilala tu, naipeleka kijiji kingine.

Basi kijiji kikakaa kikao kuchagua mtu wa kwenda Mtwara kuchagua trekta. Sijui ni shetani gani alitupitia. Tulimchagua Iddi, kwa sababu ndiye peke yake aliyewahi kuendesha trekta. Alikuwa amevuta matela ya mkonge miaka kadhaa. Shafti ya nyuma hakuwahi kuigusa, lakini hilo hakulisema, wala sisi hatukuuliza. Mimi nilikuwa katibu wa kijiji, nikaambiwa nifuatane naye.

Asubuhi ya kuondoka Somoe alimfungia muhogo wa kuchemsha, akamwambia, "Baba Tabu, mimi sitaki trekta zuri. Nataka linalofunga. Mvua ikilikuta lile lundo, hii mikono nitakuwa nimeichuna bure."

"Nimesikia, Mama Tabu."

"Na usiulize watu wengi."

Hata hatujatoka kijijini, alikuwa ameshamuuliza Sebastiao. Huyu alikuwa jirani yetu aliyevuka Ruvuma na familia yake wakati wa vita vya kule, na upande wa pili alikuwa mtu wa mashamba makubwa. Sebastiao alisimama na jembe lake, akafikiri vizuri. "Ndugu Iddi," akasema, "angalia uzito. Mashine iko juu, lundo liko chini. Ukichukua trekta jepesi, kwenye mteremko mashine italisukuma. Hutaliendesha wewe, mtaendeshwa wote wawili."

Maneno ya maana kabisa. Njia nzima Iddi aliyarudia, mpaka nikayachukia.

Matrekta ya kuazimisha vijiji yalikuwa kwenye yadi moja karibu na Chuno. Tulikuta matatu. La kijani lilikuwa limepakwa rangi likameta, ila nyuma halikuwa na shafti kabisa, hivyo hilo likajitoa lenyewe. Iddi alilisikitikia kidogo. Yalibaki mawili. Moja la buluu, kubwa, matairi ya kunifika kifuani, jipya. La pili lilikuwa dogo, la rangi ya majivu, kiti kimefungwa kamba, linalia kama mzee anayekohoa.

Kwa mtu mwingine kazi ingeishia hapo. Lakini fundi mkuu wa yadi ile alikuwa Yohana Komba, Mngoni wa Songea, na Iddi ni Myao. Nani asiyejua habari ya Wangoni na Wayao? Babu zao walipigana mpaka hasira ikawaishia, wajukuu wakarithi kucheka. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkeo, akakuvua kofia akaenda nayo sokoni, na wewe ukinuna ndiye unayeonekana huna adabu.

"Aa, mateka wangu umekuja," Yohana alisema alipomwona, kabla hata ya salamu. "Babu yako alikimbia akaacha viatu. Wewe leo umekuja kuvichukua?"

"Nimekuja kuangalia kama Wangoni mmeshajifunza kuvaa," Iddi akajibu, na mafundi wote wakaacha kazi wasogee kusikiliza.

Wakaendelea hivyo kwa raha zao, mpaka Iddi akasema shida yake. Mashine ya marobota, ya kuvutwa, ya kuzungushwa kwa shafti. Achukue lipi?

Yohana, machozi ya kicheko bado yamo machoni, akanyoosha kidole kwenye lile dogo la majivu. "Chukua hilo."

Yadi nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka.

"Sasa mnacheka nini?" Yohana akasema, naye akicheka. "Hili kubwa linazungusha mkia wake mbio mno. Hiyo mashine yenu ni ya zamani, imezoea mwendo wa polepole. Mfunge kubwa, litaiua. Huyu mzee hapa ndiye mwendo wake."

Nilimwona Iddi anapotea. Alilitazama kubwa, akalitazama dogo, akamtazama Mngoni. Akanivuta kando. "Shemeji, huyu anasema kweli au anatania?"

"Mimi nitajuaje? Mtani ni wako."

"Angekuwa anatania angecheka."

"Anacheka."

"Ndiyo, lakini alikuwa akicheka tangu mwanzo."

Yohana akatufuata pale kando, peke yake. Safari hii hakucheka. Alimshika Iddi bega. "Sikiliza. Nakwambia kama fundi. Chukua dogo. Wallahi."

Hapo ndipo alipoharibu kila kitu. Yohana ni Mkristo wa kanisani, kila Jumapili. Iddi alimsikia anaapa kiislamu, uso mkavu, akaamini kwamba sasa utani umefika kilele chake. Maana mtani hodari ndivyo alivyo: hacheki. Anakuuzia mbuzi kipofu kwa uso wa imamu. Na Iddi akazisikia sauti mbili kichwani, ya Sebastiao ikisema uzito, ya Mngoni ikisema wepesi. Mmoja hana sababu ya kumdanganya. Mwingine kumdanganya ni mila yake.

"Kinyume cha anachosema Mngoni," aliniambia, kama mtu aliyeona nuru, "ndicho sahihi."

Tukachukua la buluu. Yohana alitutazama tukilitoa getini. Iddi alimpungia mkono kwa furaha, akidhani amemshinda.

Nataka niseme haki. Kilimani lile trekta lilifanya kazi ya kiume. Liliivuta ile mashine kutoka ghalani, likashuka nayo polepole, nzito, halikuyumba hata kidogo. Sebastiao alisimama chini ya mteremko akitikisa kichwa kwa kuridhika. Iddi alikaa juu ya kiti cha buluu, na naapa sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo. Alikuwa amechagua, na amechagua sawa.

Tukaliegesha kando ya lundo. Shafti ikaungwa. Kina mama wakasogea na matita ya nyuzi, Somoe mbele yao. Iddi akaachia klachi.

Ngumi haikugonga. Ilipiga kelele moja ndefu, haihesabiki. Nyuzi zilimezwa na kutapikwa hewani. Robota la kwanza lilitoka limepinda, watu wakaanza kupiga vigelegele, na Iddi akanitazama kama anayeniuliza, ndivyo inavyokuwa? Mimi nikatikisa kichwa kwamba ndivyo. Nilijua nini? Robota la pili lilikuwa linatoka pale mkono wa ile ngumi ulipokatika. Kipande cha chuma kiliruka juu ya vichwa vyetu kikaangukia kijitoni. Trekta likazimwa. Hakuumia mtu.

Somoe alikwenda kijitoni, akakiopoa kile kipande, akakileta na kukiweka miguuni kwa mumewe. Hakumlaumu. Alitazama angani upande wa kusini, ambako mawingu ya Novemba yalikuwa yameshaanza kukaa, kisha akaenda kukaa chini ya lundo lake. Nilimwonea huruma dada yangu mpaka nikashindwa kumkaribia.

Iddi aliniambia, "Alisema kweli." Baada ya muda akasema tena, "Lakini mbona aliapa?"

Kesho yake tulikwenda Mtwara na kile kipande ndani ya gunia. Njiani alikuwa akijiandaa kuchekwa. Alisema, acha anicheke, ni haki yake, hata akinicheka mpaka Ijumaa. Tulipofika, Yohana alikitoa kipande kile guniani, akakigeuza mkononi. Hakucheka. Kumbe hilo ndilo lililomuuma Iddi kuliko yote. Alisimama pale kama mtoto anayengoja kiboko kisichokuja.

"Mashine mliifikishaje mahali pa kazi?" Yohana akauliza.

"Tuliishusha kilimani," nikasema mimi, na hapo nikakumbuka kwamba hatukuwa tumemwambia habari ya kilima.

Tukamweleza. Mngoni akakaa juu ya tairi, akajishika kichwa. "Mteremko huo? Na dogo hili? Mngekufa," akasema. "Mimi nilidhani iko tambarare. Mbona hamkusema?"

"Mbona hukuuliza?" akasema Iddi.

Wakatazamana. Hata leo sijui nani kati yao alikuwa na haki. Angemsikiliza Mngoni, angezikwa chini ya kilima. Hakumsikiliza, akaivunja mashine. Kilichotakiwa ni kubwa la kuvuta na dogo la kuzungusha, jambo ambalo halikumjia mtu yeyote kwa sababu tuliambiwa tuchague moja.

Yohana aliuunga ule mkono kwa moto siku hiyohiyo, akaomba ruhusa, akapanda dogo la majivu mwenyewe, akaja nalo Mkongeni likikohoa njia nzima. Aliliunga, akaliachia. Ngumi ikaanza kugonga, du, du, du, kama mwanamke anayetwanga bila haraka. Kina mama wakatia nyuzi. Robota likatoka limenyooka, limekaza. Somoe akaligonga kwa kiganja, akaondoka kwenda kuleta tita jingine, na hakukaa tena.

Walifunga mpaka mvua ilipowakuta kazini. Sehemu ya juu na ya kati ya lundo iliokoka, na ndiyo iliyopakiwa bandarini. Ya chini ililowa, ikaoza, ikanuka hadi Januari. Bwana kilimo alifika, akakuta mashine inaguruma, akaondoka bila ya kuichukua. Somoe alisema imetosha. Lakini kila alipopita pale palipooza, Iddi aligeuza uso. Alikuwa akiniuliza, mwaka hata mwaka, kama alichagua vibaya au vizuri, na mimi nilimjibu kila nilichofikiri siku hiyo.

Yohana akawa mtu wa nyumbani. Kila alipokuja alimwambia Iddi jambo la kufanya, na Iddi, mbele ya watu, kwa makusudi, alifanya kinyume chake. Yohana akimwambia kaa, anasimama. Akimwambia kula, anasukuma sahani. Watoto walikuwa wakija kutazama. Ukawa ndio utani wao.

Iddi alifariki mwaka wa sabini na nne, kwa ugonjwa wa figo, mtu bado ana nguvu zake. Tulimwosha, tukamsalia, jeneza likainuliwa uani. Ndipo Yohana Komba akaingia kutoka Mtwara, ameshavua shati, amejipaka masizi usoni kama watani wafanyavyo msibani. Akasimama mbele ya jeneza, akaizuia njia. Tulisimama, kwa sababu mtani hasukumwi.

"Iddi Makwinja," akasema, uso mkavu. "Mateka wangu. Huko uendako utakuta njia mbili, na najua utasimama kuuliza watu. Usiulize. Nakwambia mimi kama fundi: ya motoni ndiyo nzuri. Shika hiyo. Wallahi."

Ndani, kwenye kundi la wanawake, nikasikia kicheko, na nikakijua. Kilikuwa cha Somoe, mdomo umezibwa na kanga. Alicheka mpaka kikawa kilio, na kina mama wakamshika.

Yohana alifuta uso kwa mkono, masizi yakasambaa. Akaja upande wangu, akaweka bega lake chini ya jeneza, tukatoka naye.