Kigingi cha Mpimaji

"Mita tisini, mama!" Mwendesha mtambo wa kuchimba kisima alipaza sauti kuushinda mngurumo wa kompresa. "Vumbi tupu. Tuendelee au tusimame?"

Mama Pindo alimtazama kama mtoto aliyepewa mtihani wa darasa la kaka yake. Yeye ni fundi cherehani. Jina alipewa na wateja, maana hakuna sare ya shule iliyotoka mikononi mwake bila akiba ya vidole vitatu pindoni. Watoto hurefuka, husema, mfuko wa mzazi haurefuki. Vitambaa anavijua. Mambo ya chini ya ardhi, hata!

Alichokijua ni kwamba kila mita ilikuwa sare sita. Ndivyo alivyojitafsiria bei tangu siku aliyoandikishana na wenye mtambo, na siku hiyo hiyo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Kumbe bei ni ya kutoboa. Maji ni majaliwa.

"Yaani yasipotoka nalipa?" aliuliza.

"Unalipa, mama. Dizeli imeungua, bomba zimeshuka."

"Mimi gauni likimbana mteja, nafumua bure!"

"Shimo halifumuliki, mama."

Na kabla ya mtambo kulikuwa na mpimaji wa kutafuta maji yaliko, naye ana bei yake. Kibali, bei yake. Maji yakipatikana, bado mabomba ya plastiki ya kuzuia udongo usibomoke, bado kukiosha kisima, bado pampu. Kila alipodhani gharama zimekwisha, kumbe ndiyo kwanza zinavua viatu zikae.

Nusu ya fedha hizo zilikuwa za wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anayeishi naye. Wifi alikuwa akiziweka miaka saba ajenge chumba chake mwenyewe, akazitoa zote kwa kuwa mgongo ulikwisha kukataa ndoo. Mkataba ulikuwa wa mita mia. Zilibaki kumi, na vumbi lililotoka shimoni bado lilikuwa jeupe na kavu kama unga.

Jasho lililomtoka Mama Pindo halikuwa la jua. Alikuwa na siri. Siku ya vipimo, mpimaji alihangaika uani kutwa nzima na nyaya zake, akapigilia kigingi mbele kabisa ya kibaraza, pale pale wateja wanaposimama kupimwa. Alipoondoka tu, Mama Pindo akaking'oa, akakisogeza hatua tatu hadi ukutani. Maji ni mengi huko chini, aliwaza, hayatakosekana kwa hatua tatu. Alidhani hata mpimaji huacha pindo.

"Waendelee," wifi alisema. "Wazimalize hizo kumi."

"Wifi, ngoja kwanza." Akamvuta hadi chumba cha cherehani, akafunga mlango. "Nimekukosea. Kile kigingi nilikihamisha."

Wifi alimkodolea macho. "Lini?"

"Jioni ile ile. Nilikipeleka ukutani. Kilikuwa kinanizibia kibaraza."

Wifi akajishusha taratibu juu ya robota la vitambaa. "Mimi asubuhi nilikikuta ukutani, nikajua watoto wa jirani wamekichezea. Nikakirudisha."

"Ukakirudisha wapi?"

"Pale pa mpimaji."

"Ulipakumbuka?"

"Nilikuwa napakumbuka. Sasa ukiniuliza hivyo, sijui."

Wakachungulia dirishani. Tangu lori liingie, ua ulikuwa umejaa mitambo na kupoteza sura, lakini kwa kutazama vizuri walikubaliana: shimo halikuwa mbele ya kibaraza, wala ukutani. Lilikuwa hapo katikati, mahali ambapo hakuna mtu aliyekusudia.

"Tumwambie yule bwana?" Wifi aliuliza.

"Tumwambie nini hasa?" Kweli, Mama Pindo hakujua. Alijua moja tu, akalisema. "Wifi, kosa nililianza mimi. Tusimame, za mita kumi zilizobaki uzichukue wewe. Zangu zimezama kwa haki."

Wifi akahesabu kichwani. "Nikizichukua nitajenga nini nazo, mlango? Twende."

Mita tisini na tatu, vumbi. Tisini na sita, vumbi likawa zito, likaanza kuanguka mabonge. Tisini na nane, shimo likatapika tope, kisha maji, yakaruka juu yakalowesha ukuta, kibaraza na majirani waliokuja kupeleleza. Wifi alirukaruka na mgongo wake mbovu. Mama Pindo alikaa chini kwenye tope akalia, asijue kama ni furaha, aibu, au zile sare zote.

Mtambo uliponyamaza, alimsogelea mwendesha mtambo. "Baba, hebu niambie. Kama tungetoboa pale mbele ya kibaraza, tungeyapata mapema au tungeyakosa?"

Yule bwana akajifuta tope usoni. "Hilo, mama, hujulikana kwa njia moja tu. Nitoboe na pale, tuone. Bei ni ile ile."

Na Mungu amsamehe, Mama Pindo alipatazama pale kwa muda, midomo ikihesabu sare, mpaka wifi akamshika mkono akamwingiza ndani.